SeaPerch kwa kuopoa boti za rimoti: uhakiki wa roboti ya mabomba ya plastiki

SeaPerch ni seti ya vipuri vya kujiundia roboti ndogo ya chini ya maji: mabomba ya plastiki ya nusu inchi, mota tatu za volti 12 na rafadha (propela) zake, kebo ya mtandao ya mita 15 hivi, na kisanduku cha swichi ambacho mwendeshaji hukishika akiwa nchi kavu. Ilianzia MIT Sea Grant, mpango wa utafiti wa bahari wa chuo kikuu cha MIT, mwaka 2003 kwa ufadhili wa Office of Naval Research, ofisi ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, na sasa iko chini ya shirika la RoboNation. Ilibuniwa kwa ajili ya wanafunzi, sio kwa ajili ya wenye boti za rimoti. Hata hivyo, kwa mtu ambaye boti yake imelala mita nne chini ya bwawa la tope, ni vigumu kupata kifaa kingine cha bei hii kinachokaribia kuiweza kazi. Hapa tunaipima kwa kazi hiyo moja tu.

Tuseme mapema: inafaa kununuliwa, lakini isiundwe kama mwongozo wake unavyoelekeza na kuishia hapo. Kebo, uelezi (namna roboti inavyoelea majini) na namna ya kushika boti lazima vibadilishwe. Na mnunuzi aelewe tangu mwanzo kwamba roboti hii haiinui boti. Inapeleka ndoano. Anayeinua ni mtu aliyesimama ukingoni, kwa kamba.

Sababu iko kwenye uzito. Chukua boti ya tanga ya daraja la International One Metre, ambayo kanuni zake zinataka isipungue kilo 4 na mkuku wake (pezi la chini ya boti), pamoja na uzito wa madini ya risasi ulio nchani, uwe kati ya kilo 2.2 na 2.5. Risasi ikizama hupoteza asilimia 9 tu ya uzito wake, kwa hiyo mkuku peke yake bado unavuta kuelekea chini kwa takriban kilo 2. Tishari ya mfano yenye betri ya volti 12 na amperi-saa 7 haina nafuu kubwa: betri hiyo ina ujazo wa lita 0.9 hivi na uzito unaozidi kilo 2, maana yake ndani ya maji bado inabaki na zaidi ya kilo moja. Mota ya wima ya SeaPerch ni moja tu, na msukumo wake unahesabiwa kwa gramu. Ukiifunga kwenye boti na kubonyeza swichi ya kupanda, itavuruga tope na kumaliza betri, basi.

Kebo ndiyo inayoiangusha roboti hii kuliko kitu kingine chochote. Waya wa Cat5, aina ya kebo ya mtandao inayotumika hapa, ni wa geji 24, na shaba ya unene huo ina ukinzani wa ohmu 0.084 kwa kila mita. Kebo ya mita 15 ni mita 30 za kwenda na kurudi, yaani ohmu 2.5. Mota ikivuta amperi 1.5, volti 3.8 zinapotelea njiani na mota inabakiwa na 8 na kidogo. Rafadha ikinasa majani mkondo unapanda, na upotevu unapanda nao, hivyo roboti inadhoofika pale pale inapohitaji nguvu. Wauzaji wengi wa kebo za mtandao pia wana zile za alumini iliyopakwa shaba. Hizo zina ukinzani mkubwa zaidi na hukatika upesi zikikunjwakunjwa. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu, ikionyesha weupe ndani, rudisha.

Dawa yake ni kebo ya pili, na hesabu inakaa sawasawa. Kebo mbili zina nyaya 16. Kila mota ipewe nyaya nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi: hizo 12. Mbili ni za picha ya kamera, mbili za umeme wa kamera, na hakuna unaobaki. Ukinzani wa kila mota unashuka hadi ohmu 1.26, na kwa amperi zile zile 1.5 unapoteza volti 1.9 tu. Chagua kebo yenye nyaya za nyuzi nyingi, kwa sababu ile ya waya mmoja mgumu huikokota roboti upande na hatimaye hukatika karibu na fremu. Kebo za aina hii huelekea kuzama, kwa hiyo zifungwe pamoja kwa tepu na kila mita moja zipewe kipande kidogo cha sponji. Mwisho wa kebo ulio majini uzibwe kwa epoksi, ganda na nyaya zote pamoja. Ganda likitoboka mahali, maji husafiri ndani yake mita zote hizo hadi kwenye kisanduku cha swichi, na mtu atahangaika na kisanduku wakati ugonjwa uko bwawani.

Kuhusu kisanduku chenyewe hatuna malalamiko makubwa. Swichi mbili za kusukuma mbele na nyuma zinaendesha mota za kushoto na kulia, vitufe viwili vinaendesha ya wima, na fyuzi iko kwenye waya wa betri. Hakuna kidhibiti cha kasi: mota inawaka au inazimika. Kwa kusogelea boti, mwendeshaji hulazimika kugusa swichi na kuachia, kugusa na kuachia, na mkono huzoea haraka. Solda ndipo wanafunzi na watu wazima hukwama kwa pamoja. Swichi ya kugeuza mkondo ina miguu sita, na waya wa msalaba ukigusana na jirani yake fyuzi inaungua mara ya kwanza unapobonyeza. Pima kila jozi kwa mita ya umeme kabla ya kuunganisha betri.

Mota zinakingwa kwa nta, njia iliyo rahisi na yenye akili. Mota huzungushiwa tepu ya umeme kuziba matundu yake yote, huingizwa kwenye kopo dogo lenye tundu la mhimili, kisha nta iliyoyeyushwa humwagwa kuizunguka. Mwongozo unatumia nta laini ya pete za kufungia vyoo za Kimarekani. Afrika Mashariki pete hizo si za kupatikana kila duka, na watu hukimbilia mishumaa. Mshumaa ukipoa husinyaa na kupasuka, unaacha ufa kando ya waya, na maji huingia hapo. Nta ya nyuki ni bora zaidi. Anayeishi Tanzania anaweza kuagiza kutoka Tabora, mkoa unaojulikana kwa asali na nta. Ichanganye na mafuta mazito ya mgando kidogo ili isiwe ngumu sana. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe sio juu ya moto wenyewe, na ingoje ianze kuganda pembeni ndipo uimwage. Ikimwagwa ikiwa ya moto sana hulegeza gundi ya tepu, hupenya ndani ya mota na kuishika. Mimina kwa awamu tatu, ukiacha kila awamu ipoe, na baada ya kila awamu washa mota kwa sekunde moja usikie kama bado inazunguka kwa wepesi. Paka grisi kwenye mhimili. Ndani ya kopo, waya upigwe fundo ili mvuto usifike kwenye solda.

Kwa kila mota ongeza kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100 kati ya miguu yake miwili kabla ya kuizika kwenye nta. Seti haikulazimishi, lakini bila hiyo picha ya kamera itajaa mistari kila mota inapowaka. Iwe ya seramiki, isiyo na chanya na hasi, kwa sababu mkondo hapa hugeuzwa mara kwa mara.

Fremu haina shida, ila kwa anayetaka kununua mabomba ya ziada nyumbani. Bomba la nusu inchi la Marekani lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3. La milimita 20 linacheza ndani ya viungo hivyo, hata ukijaza gundi. Nenda dukani na kiungo kimoja mkononi. Toboa matundu ya milimita 6 kila kona, juu na chini, ili mabomba yajae maji mara moja. Bomba lililobaki na hewa huvuja polepole, na roboti iliyokuwa imesawazishwa vizuri asubuhi itakuwa inazama saa moja baadaye bila mtu kujua kwa nini.

Sasa uelezi, ambapo mwongozo wa kawaida na kazi ya kuopoa zinaachana njia. Mwanafunzi hufundishwa kuisawazisha roboti isielee wala isizame. Kwa kuopoa, iache ielee kidogo: ukiiachia mita moja chini, ipande yenyewe taratibu. Faida yake inaonekana karibu na tope. Roboti inayoelea husukumwa kwenda chini na mota ya wima, na maji ya rafadha yanatupwa juu. Inayozama hulazimika kusukumwa kwenda juu, maji yanapigwa chini, na ndani ya sekunde mbili huoni hata ndoano yako. Kwenye madimbwi mengi mtu huona chini ya mita moja hata tope likiwa limetulia, na likishavurugwa unasubiri dakika nyingi. Kwa hiyo shuka kwa mota, zima, iache ipande kidogo, songa mbele, shuka tena.

Sponji iwekwe juu kabisa, farumi (vizito vya kusawazishia) chini kabisa. Pengo kati ya viwili hivyo ndilo linaloifanya roboti isipinduke ndoano inapokutana na kizuizi. Sponji za kuogelea zinazotumiwa kwenye roboti hizi husinyaa kwa shinikizo. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na roboti iliyoelea ukingoni inaweza kukataa kupanda. Hadi mita tatu au nne sponji inatosha. Zaidi ya hapo tumia bomba lililozibwa ncha zote mbili kwa gundi. Ukiihamisha kutoka bwawa la maji baridi kwenda baharini, tuseme Kilindini au mkondo wa Lamu, maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, roboti inayochukua nafasi ya lita 3 za maji itataka farumi ya ziada ya gramu 75 na ushei. Ikitoka baharini, isuuzwe kwa maji baridi huku mota zikizunguka.

Seti haina mkono wa kushikia, na tunashauri usihangaike kuunda mkono wenye vidole. Kinachofaa zaidi ni karabina, ile ndoano yenye mlango wa springi. Chukua bomba la sentimita 30, lichomoze mbele ya fremu, na ncha yake ishike karabina kwa mpira wa kufungia noti, mizunguko miwili. Kamba ya kuinulia imefungwa kwenye karabina moja kwa moja na inakwenda ukingoni bila kugusa roboti. Unaisukuma karabina kwenye kitu cha kushika, mlango unafunguka na kujifunga, unarudi nyuma, mpira unakatika, roboti inaondoka ikiwa huru. Mpira ukiwa imara mno roboti inabaki imefungwa kwenye boti. Ukiwa dhaifu karabina inaanguka njiani. Jaribu kwanza kwenye ndoo, kwa mizani ya ndoano: mpira uachie kwa mvuto ulio chini ya nusu ya msukumo wa kurudi nyuma wa roboti yako, ambao pia unapimwa kwa mizani hiyo hiyo, roboti ikiwa majini.

Kamba iwe ya polipropilini ya milimita 3, kwa sababu inaelea na hailali kwenye tope ikanasa vijiti. Kebo ya umeme isitumike kuinulia kamwe, hata kwa kiboti cha nusu kilo. Solda ndani ya nta haihimili mvuto.

Wapi pa kushika? Sio reli za sitaha, waya wake wa shaba hung'oka. Sio antena. Kwenye boti za injini, shika kiango cha mhimili wa rafadha au kile kipande cha tezi kinachobeba usukani. Kwenye boti ya tanga nyaya za mlingoti ndizo rahisi kuzipata, kwa kuwa risasi ya mkuku huelekea kuuacha mlingoti umesimama, lakini nyaya hizo zinatosha kuisogeza tu hadi kwenye maji mafupi. Usiipandishe hewani kwa nyaya hizo.

Tope linanyonya. Mtu akivuta wima kwa nguvu, kitu kinachokatika huwa ni boti. Tembea ukingoni mita kadhaa, vuta kwa pembe, legeza, vuta tena. Maji yakishapita chini ya kiunzi mshiko unaachia wenyewe. Halafu inakuja hatua ambayo boti nyingi zilizopatikana hupasukia. Maji yaliyojaa ndani ya boti hayana uzito yakiwa chini ya maji. Lita tano zinageuka kilo tano mara tu boti inapochomoza. Basi usiinyanyue. Ifikishe juu, iache imelala majini, pitisha kimia chini yake, inamishe maji yamwagike, kisha itoe. Kama ndani mna betri ya lithiamu, itoe na iache nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na nyumba, kwa sababu iliyoingia maji inaweza kuwaka saa nyingi baadaye.

Kamera nayo ni ya kununua pembeni. Kamera za Wi-Fi ziachwe kabisa, mawimbi hayo hufia majini ndani ya sentimita chache. Endoskopu ya simu (kamera ndogo ya kebo inayochomekwa kwenye simu) inafaa kwenye kina kifupi, kwani nyaya za USB zenyewe hazipendi kupita mita 5 bila kiongeza nguvu. Kamera ya rivasi ya gari, ya volti 12, ndiyo tunayoipendekeza: picha yake husafiri kwenye jozi moja ya Cat5 ikiwekewa kibadilishi kidogo kila upande, vile vinavyotumiwa na mafundi wa kamera za ulinzi. Izike yote kwenye epoksi isipokuwa kioo chake. Maandishi ya kisanduku kwamba haiingii maji yanahusu mvua na kuoshwa, sio kukaa chini nusu saa. Ielekeze ionyeshe ncha ya karabina, sio mandhari. Taa iwekwe kando, mbali na kamera, la sivyo tope lote lililo mbele litang'aa na kuficha boti.

Betri ya amperi-saa 7 inaendesha mota tatu kwa takriban saa moja ya kazi halisi, na kazi nyingi huishia kwenye kutafuta. Boti ikizama tu, simama ulipo, tazama kitu kimoja ng'ambo kinacholingana na pale ilipozama, mti au nguzo, kisha mwenzako afanye vivyo hivyo akiwa upande mwingine wa bwawa. Mistari miwili ikikutana inakupunguzia eneo la kuchana. Kwenye Ziwa Victoria, palipo na magugu maji, fremu ifungwe wavu wa plastiki kuzunguka rafadha zote tatu. Utapoteza msukumo kidogo, ila hutapandisha roboti kila dakika kuondoa mizizi.

Wako watakaouliza kwa nini wasinunue kitu kikubwa zaidi. BlueROV2, roboti ya chini ya maji ya kampuni ya Blue Robotics, hufika mita 100 au zaidi, na rafadha zake za T200 zinasukuma zaidi ya kilo 5 kila moja zikipewa volti 16. Hiyo kweli inaweza kuinua boti. Bei yake ni maelfu ya dola dhidi ya dola mia chache za SeaPerch. Chama chenye ziwa lenye kina kirefu na wanachama wa kuchangia kiiangalie. Kwa dimbwi la kina cha kiuno, huhitaji hata SeaPerch. Vaa mabuti marefu ya wavuvi uingie.

Hata mwenye roboti aweke boya ndani ya boti. Wamarekani wanaopiganisha manowari (meli za kivita) za mfano za kipimo cha 1:144, ambao hurushiana gololi ndogo kwa gesi hadi mojawapo izame, hutegemea boya dogo lenye uzi kuonyesha meli ilipo. Kizibo cha mti wa koki, kama kile cha chupa ya mvinyo, kinakaa kwenye tundu la sitaha, kikiwa na uzi wa kuvulia uliosokotwa, urefu wake mara moja na nusu ya kina cha bwawa, umezungushwa kwenye kibiringo. Ncha ya pili ifungwe kwenye mkuku, sio kwenye sitaha. Hapo SeaPerch inabakiwa na kazi moja nyepesi, kuufuata uzi hadi chini na kupachika karabina. Kinachoharibika ni tundu: mbao ikilowa inavimba na kukibana kizibo. Zamisha boti kwa mkono kwenye karo kabla ya msimu, na kizibo kisipochomoka chenyewe, panua tundu kwa msasa na ulipake vanishi mara mbili.